Haki ya Aliyeumia Kazini

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Enyi ndugu zetu Waislamu, mlioko pwani na mliokwenda kutafuta riziki hata Kyela, penye bandari za Itungi na Kiwira upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa: imeenea baina yetu kauli isiyo sawa. Mtu ameajiriwa kupakia shehena chomboni. Kamba ikakatika, mzigo ukamponda mkono. Akiambiwa, “Dai haki yako,” hujibu, “Hii ni kadari ya Mungu; kudai ni kukosa subira.”

Nasi twasema: kuumia ni kadari, na haki aliyowekewa aliyeumia nayo ni kadari. Subira ni kutomnung’unikia Mola wako. Si kunyamaza hata chakula cha watoto kikapotea. Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwamuru mtu amfunge ngamia wake, kisha amtegemee Mungu. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Bukhari, Mwenyezi Mungu ni mshindani, siku ya Kiyama, wa mtu aliyemwajiri mwenziwe, akaipata kazi yake kamili, asimpe ujira.

Jueni ya kuwa sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, nao ukaanza kazi mwaka 2015. Mchango wake hutolewa na mwajiri peke yake, wala haukatwi katika mshahara. Basi fidia si sadaka hata mtu aone haya kuipokea. Aliyezuiliwa na jeraha kufanya kazi kwa muda hupewa 70 katika kila 100 ya mshahara wake, isipite miezi 24. Na akifa kwa ajali ya kazi, mjane na mayatima wake wana fungu lao. Lakini ajali isiyotolewa habari ndani ya miezi 12, haki yake hupotea.

Fanyeni, basi, kama tulivyofunzwa katika Suratul Baqara juu ya deni: andikeni, na wekeni mashahidi. Siku ile ile mpe mwajiri habari. Taja saa, mahali, na walioona. Nenda hospitali, na kila karatasi uihifadhi. Mwajiri naye, akiisha kupewa habari, yampasa kuufikishia Mfuko ndani ya siku 7. Akificha, amedhulumu, usingoje, peleka habari mwenyewe.

Na mwenye kuumia nyumbani kwake akasema ameumia kazini, amekula mali kwa batili. Ukipenda kusamehe, samehe lililo lako. La mayatima si lako hata ulisamehe.

Mwenyezi Mungu atuhifadhi sisi na viungo vyetu, na atupe ulimi wa kweli. Amin. Wallahu aalam.