Jirani Atumiaye Chako Bila ya Idhini

 

Tumepokea suala kutoka kwa ndugu yetu mmoja akaaye Nyeri, naye amelieleza kwa urefu. Yeye amepanga katika nyumba ya vyumba vyenye ua mmoja, na katika ua huo ameweka ngazi yake, wilibaro yake, jembe, na gunia la makaa, kwani baridi ya huko katika mwezi wa Julai si ya kuchezewa. Jirani yake wa mlango wa pili huvichukua vitu hivi bila ya kusema neno, akavitumia, kisha akavirudisha apendapo. Gunia la makaa linapungua. Ngazi imerudi ikiwa na kidato kilichovunjika. Sufuria kubwa ya mke wake ilichukuliwa siku ya sherehe, ikarudi bila ya kujulikana kilichopikwa ndani yake. Ndugu yetu huyu hakusema lolote kwa muda wa mwaka mzima, kwa kuona haya; na sasa moyo wake umejaa chuki hatta salamu zimekuwa nzito. Mtu mmoja amemshauri apeleke fedha pwani, asomewe Halbadiri, ili mwenye kugusa vitu vyake limpate la kumpata. Anatuuliza: je, afanye?

Hili la mwisho ndilo lililotutia khofu, nalo tutalirejea. Lakini twaanza na asili ya jambo.

Haijuzu kwa mtu kutumia mali ya mwenziwe ila kwa ridhaa yake. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratun-Nisaa kuliana mali zetu kwa njia ya batili, akavua biashara yenye kuridhiana. Na Mtume (S.A.W.) alikataza mtu asikame mnyama wa mwenziwe bila ya idhini, akapiga mfano wa ghala ya chakula: ni nani katika nyinyi apendaye ghala yake ivunjwe, chakula kichukuliwe? Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim kwa Ibn Umar. Tena amekataza mtu kuchukua cha nduguye, kwa mchezo wala kwa kweli, hatta ikiwa ni fimbo tu. Basi ikiwa fimbo imetajwa, vipi itasahauliwa ngazi? Wenye kusema kwamba “ni kitu kidogo” wanasahau kwamba udogo wa kitu haupimwi na mwenye kukichukua.

Lakini fiqhi yetu si ngumu kama wengine waidhaniavyo. Maulamaa wamesema kwamba idhini si lazima iwe kwa ulimi. Ukijua kwa yakini, au kwa dhana yenye nguvu, kwamba mwenye kitu ameridhika, wafaa kukitumia. Kwa ajili hii Mwenyezi Mungu katika Suratun-Nur ameondoa dhambi kwa mtu kula katika nyumba za jamaa zake na nyumba ya rafiki yake. Watu wa pwani walikulia katika desturi hiyo: mtoto hutumwa nyumba ya pili kwenda kuchukua mbuzi ya kukunia nazi, na huingia akaichukua, na hapana aliyedhulumiwa. Hiyo ni ridhaa ijulikanayo kwa ada. Shida huja mtu anapoichukua ada ya mtaa mmoja akaipeleka mtaa mwingine ambao watu wake hawakuafikiana juu yake, au anapoikisia ridhaa ya mwenziwe kwa kipimo cha haja yake mwenyewe.

Huenda jirani wa ndugu yetu akajitetea akasema: “Mwaka mzima ananiona na hasemi, basi ameridhika.” Hoja hii yastahili kujibiwa kwa makini, kwani wengi huitumia, na baadhi yao huitolea ushahidi wa sharia, wakasema: je, si kunyamaza kwa msichana bikira katika posa ndiyo idhini yake? Twajibu: naam, lakini bikira ameulizwa kwanza. Kunyamaza kwake ni jawabu kwa sababu kumetanguliwa na suala. Huyu jirani hakuuliza kitu. Basi kunyamaza kwa mwenye ngazi ni jawabu la suala gani? Na kanuni inayonasibishwa na Imamu Shafii (Mungu amrehemu) ni kuwa mwenye kunyamaza hasingiziwi kauli.

Zaidi ya hayo, maulamaa wa madhehebu yetu, na Imamu Ghazali ni katika waliolisisitiza jambo hili, wameeleza kwamba mali itolewayo kwa kuona haya tu, na hali moyo wa mtoaji unakataa, hukumu yake ni kama iliyonyang’anywa. Haya nayo ni silaha. Tafauti yake na upanga ni kwamba haitoi damu. Basi mwenye kuchukua na atazame uso wa mwenye kitu, si ulimi wake. Nasi twajua, sote tuliokaa na watu, uso wa mtu aliyeridhika na uso wa mtu aliyeshindwa kusema.

Na katika nchi hiyo hiyo ya Nyeri na pande zote za Mlima Kenya mna funzo kubwa juu ya jambo hili, ambalo ndugu zetu wa huko wanalijua kuliko sisi. Katika mila ya Wakikuyu alikuwako mtu aitwaye muhoi. Huyu ni mtu asiye na ardhi mahali pale, aliyekwenda kwa mwenye ardhi akaomba alime kwa urafiki, akapewa. Na neno lenyewe kwa lugha yao latokana na kuomba. Alitumia, wala hakumiliki, na kila mtu alijua hivyo. Mzee Jomo Kenyatta alizieleza khabari za ardhi na desturi hizo katika kitabu chake Facing Mount Kenya, kilichotoka mwaka 1938. Walipokuja Wazungu, wako katika wenyeji waliowadhania kuwa ni watu wa namna hiyo, yaani wageni waliokaribishwa kutumia kisha wakaondoka. Waingereza walijenga boma lao Nyeri mwaka 1902, na haukupita muda mrefu ila ardhi kubwa pande za Nanyuki na Laikipia ikawa yaitwa mali ya walowezi. Aliyedhaniwa ni mwombaji akawa mwenye hati. Kisha serikali ya kikoloni ilipoanza kukusanya na kuandikisha mashamba, kwa mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, ahoi wengi waliokuwa wakilima kwa neno la mdomo walijikuta hawana mahali katika daftari.

Tumeyaleta haya kwa sababu yanatuonyesha pande mbili. Mwenye mali aliyedhania kwamba mambo yanafahamika bila ya kusemwa alipotewa na mali. Na mtumiaji ambaye haki yake haikubainishwa alifukuzwa. Basi kuomba idhini ni heshima kwa mwenye kitu na ni hifadhi kwa mwenye kukitumia pia. Jirani yule wa ua mmoja, siku atakapoambiwa mwizi mbele ya watu kwa ajili ya wilibaro, hatakuwa na shahidi wa kusema kwamba aliruhusiwa.

Hayo ni upande wa mwenye kuchukua. Ama mwenye kitu, asidhani kwamba sharia imesimama naye peke yake. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Maun amewalaumu watu wenye kusali kwa kughafilika na kwa kujionyesha, kisha wakazuia maun. Na Sahaba kadhaa waliifasiri maun kuwa ni vyombo waazimanavyo watu: chungu, ndoo, shoka. Na imepokewa kwa Abu Huraira kwamba jirani asimzuie jirani yake kuegemeza boriti katika ukuta wake. Imamu Ahmad amelihisabu jambo hilo kuwa ni wajibu. Na Shafii katika kauli yake ya baadae amelihisabu kuwa ni la kupendeza tu. Lakini hatta hapo, boriti haiegemezwi kwa kuvizia usiku. Huombwa, na mwenye ukuta akatakiwa asikatae. Basi mmoja ameamrishwa aombe, na wa pili amehimizwa atoe. Na ugomvi mwingi wa mitaani sababu yake ni kila mmoja kuishika amri ya mwenziwe na kuiacha yake.

Twaongeza mfano wa maji, kwani mito ishukayo kutoka Mlima Kenya kwenda Ewaso Ng’iro imegombaniwa sana: walio juu huchota kwa mifereji na mabomba, na walio chini, hatta wafugaji wa pande za Isiolo, wengi wao Waislamu, hukauka wakati wa kiangazi. Sharia ya maji ya Kenya ya mwaka 2002, na ile ya mwaka 2016 iliyokuja badala yake, zimeweka jumuiya za watumiaji wa mto ili wakae pamoja wagawane. Shauri la namna hii lilimfikia Mtume (S.A.W.), baina ya Zubair na mtu wa Ansari, juu ya mfereji wa Madina. Mtume kwanza alimshauri Zubair anyweshe kwa kiasi, kisha amwachie jirani yake maji. Ni sulhu, Zubair kusamehe baadhi ya haki yake. Yule mtu alipoikataa sulhu akasema maneno mabaya, ndipo Mtume akamhukumia Zubair haki yake kamili. Utaratibu huo watufaa hatta katika ua wa vyumba vinne: sulhu hutangulia, na haki kamili haidaiwi ila sulhu ikikataliwa.

Basi ndugu yetu afanye nini? Aseme. Aende kwa jirani yake peke yake, wala asiende saa ya hasira, wala asiseme naye bombani mbele ya wanawake wanaochota maji. Amwambie kwa jina lake: “Wilibaro na jembe nimekuruhusu, chukua wakati wowote, hatta nisipokuwepo. Ngazi niulize kwanza, kwani nami huihitaji kazini. Makaa ni chakula cha watoto wangu, ukipungukiwa niambie, nitakupimia.” Maneno haya yana faida ambayo kuficha vitu chumbani hakuna: yamemtoa jirani katika haramu kwa vile alivyoruhusiwa, na yamemwekea mpaka kwa vile asivyoruhusiwa. Akiendelea baada ya hapo, vitu na vifungwe, na wazee wa mtaa waambiwe. Na jirani huyu tumeambiwa si Mwislamu. Hilo halipunguzi haki yake ya ujirani hatta chembe. Katika Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru Waislamu ni wachache kati ya majirani wengi, na ugomvi wa wilibaro husemwa kesho yake kuwa ni ugomvi wa dini.

Sasa Halbadiri. Watu wa Badri walikuwa mia tatu na kitu, watu bora waliosimama na Mtume siku ya dhiki. Majina yao yamegeuzwa na baadhi ya watu wetu kuwa mtego wa kunasia wezi wa kuku, kwa ada maalumu, na mwenye kusomewa hukaa akingoja jirani yake avimbe tumbo. Ni katika kitabu gani Mtume au Sahaba zake walifanya hivi? Dua ya mwenye kudhulumiwa haina pazia baina yake na Mwenyezi Mungu, nalo ni kweli. Lakini huombwa Yeye, bila ya dalali wala malipo, wala haivuki kadiri ya dhulma. Huyu jirani hajaambiwa hatta mara moja kwamba anaudhi. Kumtakia maradhi mtu ambaye hujamwambia “usiguse” ni dhulma kubwa kuliko ya kidato cha ngazi. Twajua kwamba maneno haya yatawachukiza wenzetu wachache wapatao riziki humo. Nao wana ruhusa ya kutuletea dalili, nasi tutaichapa.

Yamebaki madeni. Ngazi ilitumiwa bila ya idhini, basi jirani analazimika kuitengeneza au kulipa upungufu wa thamani yake, hatta kama hakuivunja kwa kusudi. Mwenye kuazima kwa idhini ndiye asiyedaiwa kwa uchakavu wa matumizi aliyoruhusiwa. Makaa hulipwa kwa makaa mfano wake, kwa kipimo, na mwenye makaa akisamehe ni bora kwake, lakini asamehe kwa ulimi, jirani asikie. Ama sufuria, shaka peke yake haiitii najisi. Ioshwe kama viliambiwa vioshwe vyombo vya Ahlul-Kitab katika hadithi ya Abu Thaalaba. Ikithibitika kwamba nguruwe alipikwa ndani yake, basi katika madhehebu yetu huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyochanganywa na mchanga safi, kisha ikapikiwa wali. Wallahu aalam.