Jembe Lenye Kutu

Jembe likikaa msimu mzima pembeni mwa nyumba, hushika kutu. Lakini kutu iko juu. Chuma kiko ndani. Ndivyo alivyo fundi wa kompyuta aliyekaa muda mrefu bila kazi. Utasikia watu wakisema: teknolojia imemwacha. Kuna ukweli hapo, maana programu hubadilika, na hana budi kujifunza upya. Ila itazame kazi yenyewe. Mtu anapiga simu, printa imegoma, foleni ya wateja inarefuka, sauti yake ina hasira. Fundi humtuliza. Humuuliza kilichobadilika tangu jana. Huanza na umeme, kisha waya, kisha mtandao, hatua kwa hatua, hadi hitilafu ionekane. Toleo jipya la programu laweza kujifunzwa kwa wiki kadhaa. Utulivu na usikivu hujengwa kwa miaka.

Kwa hiyo wewe unayeajiri, usiishie kwenye pengo la miaka katika wasifu wa fundi huyo. Mpe kompyuta iliyogoma, umwone akiitafutia dawa. Nawe unayetafuta kazi, jifunze leo jambo moja jipya. Kumbuka: mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya, si kwa muda aliosubiri.