Je, Agano na Mungu Laweza Kuwa Siri?



Mwaka 2025 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wafuasi wake wajulikana zaidi kwa jina la Wamormoni, liliweka wakfu hekalu lake jijini Nairobi. Kabla ya siku hiyo watu wa kila dini walikaribishwa kuingia na kutazama vyumba vyake. Baada ya siku hiyo mlango ni wa wenye kibali tu. Basi jambo lililokuwa habari ya Marekani limefika kwetu, na watafutao ukweli wanatuuliza: Je, ibada zifanywazo mle ndani zatoka kwa Mungu?

Si desturi yetu kuifanyia mzaha ibada ya mtu yeyote. Wamormoni ni watu wanaojiepusha na ulevi na tumbaku, wanatoa zaka ya sehemu moja katika kumi, na wanaheshimu ndoa. Hatutaki kuwavunjia heshima. Lakini wao wenyewe husema kuwa hapana mtu awezaye kufika daraja la juu kabisa la ufalme wa mbinguni bila ibada za hekaluni. Dai kubwa namna hii lamhusu kila mwanadamu, na kila mwanadamu ana haki ya kulipima.

Kwanza tutazame asili yake. Joseph Smith, aliyezaliwa mwaka 1805, alilianzisha Kanisa hilo mwaka 1830 katika jimbo la New York. Tarehe 4 Mei 1842, mjini Nauvoo katika jimbo la Illinois, aliwakusanya wanaume tisa katika chumba cha juu cha duka lake, akawapa ibada iitwayo endaumenti. Waingiao katika ibada hii huoshwa na kupakwa mafuta, huvaa mavazi maalumu, huonyeshwa habari za kuumbwa kwa ulimwengu na za Adamu na Hawa, huweka maagano, na hufundishwa ishara na namna za kushikana mikono ambazo huahidi kutozitoa nje. Baadaye mume na mke huunganishwa kwa ndoa ya milele. Tena, mtu aliye hai husimama badala ya maiti na kufanyiwa ibada hizo kwa niaba yake.

Katika mwezi wa Machi mwaka ule ule, kiasi cha majuma saba tu kabla ya siku hiyo, Joseph Smith alikuwa ameingia katika chama cha siri cha Wamasoni, chenye ishara zake, viapo vyake na namna zake za kushikana mikono. Kanisa lenyewe leo lakiri kuwa upo mfanano kati ya mambo hayo mawili. Wao husema kuwa Wamasoni walihifadhi mabaki ya ibada ya kale, na Joseph Smith akairudisha katika ukamilifu wake. Hoja hiyo tuiache ilivyo, maana ipo nyingine iliyo nzito zaidi.

Joseph Smith alifundisha kwamba kanuni hizi ziliwekwa mbinguni kabla ya kuumbwa ulimwengu, na kwamba si za kubadilishwa. Sasa tazama, ndugu msomaji, yaliyotokea. Baada ya yeye kuuawa tarehe 27 Juni 1844, kiliingizwa katika ibada kiapo cha kumwomba Mungu ailipize kisasi damu ya manabii juu ya taifa la Marekani. Kiapo hicho kilichunguzwa na Baraza la Seneti kati ya mwaka 1904 na 1907, na katika miaka ya 1920 kikaondolewa. Vazi la ndani, ambalo lilifika kwenye vifundo vya mikono na miguu, lilikatwa likawa fupi mwaka 1923. Hata mwaka 1990 waabuduo walikuwa wakionyesha kwa mikono yao jinsi maisha yao yatakavyotolewa wakifichua siri. Mwaka huo jambo hilo liliondolewa. Pamoja nalo aliondolewa mhubiri wa Kikristo ambaye katika mchezo wa ibada alionyeshwa kuwa ameajiriwa na Shetani. Mwanamke aliyekuwa akiagana kuitii sheria ya mume wake alibadilishiwa maneno mwaka 1990, kisha tena mwaka 2019, hata sasa aagana na Mungu mwenyewe.

Hatusemi kuwa mabadiliko haya ni mabaya. Mengi ya hayo ni kuelekea kwenye wema. Twauliza tu: mtu aliyeapa mwaka 1950 kwa ishara ya kukatwa koo, aliapa kwa amri ya Mungu au kwa amri ya watu? Ikiwa Mungu aliamuru, kwa nini iliondolewa bila waumini kuelezwa sababu? Na ikiwa Mungu hakuamuru, ni nani aliyeiingiza mahali patakatifu, ikakaa humo vizazi vizima?

Ukiona swali hili ni la maneno matupu, basi sikiliza habari za Bibi Jane Manning James. Alikuwa mwanamke mweusi, mzaliwa wa Connecticut, asiyekuwa mtumwa. Mwaka 1843, yeye na jamaa zake walipokataliwa kupanda chombo kwa sababu ya rangi yao, walikwenda kwa miguu mamia ya maili mpaka Nauvoo ili wawe pamoja na waumini wenzao. Alikaa nyumbani mwa Joseph Smith akifanya kazi, na mwaka 1847 alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kufika katika bonde la Salt Lake. Hekalu kubwa la mji huo lilipokamilika mwaka 1893 baada ya miaka arobaini ya ujenzi, yeye alikuwa anakaa mji ule ule. Aliomba tena na tena apewe ibada za hekaluni, akakataliwa, maana Kanisa lilikuwa limewazuilia watu wa asili ya Kiafrika. Mwishowe, mwaka 1894, wakuu walikubali jambo moja: aunganishwe na Joseph Smith awe mtumishi wake wa milele. Hata hilo lilifanywa yeye akiwa nje. Mwanamke mwingine alisimama hekaluni badala yake, kama kwamba yeye alikuwa amekufa, hali yu hai!

Bibi Jane alifariki mwaka 1908. Mwezi wa Juni 1978 zuio hilo liliondolewa, na mwaka 1979 endaumenti yake ikafanywa na mtu mwingine kwa niaba yake. Mwaka 2013 Kanisa lilichapisha maelezo ya kuzikana nadharia za zamani zilizoifanya ngozi nyeusi kuwa dalili ya laana. Twawashukuru kwa kukiri huko. Lakini sisi wasomaji wa Afrika yatupasa kuuliza: katika miaka ile yote, ni Mungu aliyemkataa mwanamke huyu mwaminifu, au ni wanadamu walioshika ufunguo wa mlango na kusema kuwa ni wa Mungu?

Linganisha na siku ile ya kutekwa kwa Makka, mwaka wa 8 wa Hijra. Mtume Mtukufu s.a.w. hakumweka Bilal r.a. nje ya mlango. Mhabeshi yule, aliyekuwa mtumwa akiteswa juu ya mchanga wa mji huo huo, alipandishwa juu ya Al-Kaaba akaadhini mbele ya wakubwa wote wa Makureshi.

Mmormoni mwelevu atatujibu: “Mungu wetu yu hai. Aliyeamuru jana aweza kuamuru mengine leo.” Sisi Waahmadiyya hatuwezi kuipuuza hoja hii, kwani nasi twaamini kwa nguvu kuwa Mwenyezi Mungu aliyesema zamani angali anasema na waja wake. Wala hatusemi kuwa kila badiliko ni dalili ya uongo. Waislamu wenyewe walisali kuelekea Yerusalemu, na miezi kama kumi na sita baada ya Hijra wakaamriwa kuelekea Al-Kaaba.

Lakini tazama jinsi amri ile ilivyokuja. Ilitangazwa mchana, watu wakageuka mbele ya macho ya rafiki na adui. Kurani Tukufu haikuficha kwamba kibla cha kwanza kilikuwapo. Ilitaja hata lawama za wapinzani, kisha ikaeleza sababu ya badiliko lenyewe. Mpaka leo mtoto wa chuoni aisoma habari hiyo. Ufunuo wa kweli hauoni haya kuonyesha nyayo zake. Ni kweli kwamba Makka hawaingii wasiokuwa Waislamu, lakini kila neno na kila tendo la Hija limeandikwa katika vitabu vinavyouzwa sokoni kwa yeyote atakaye.

Hali kadhalika Masihi Aliyeahidiwa a.s., alipoamriwa kupokea baiati, alizichapisha sharti kumi katika Januari 1889. Ndipo tarehe 23 Machi mwaka huo, mjini Ludhiana, watu wakaingia chumbani mmoja mmoja kumpa mkono. Chumba kilikuwa cha faragha, lakini agano lilikuwa la wazi. Kila aliyeingia alikuwa amekwisha pata nafasi ya kusoma, kufikiri na kukataa. Katika hekalu la Wamormoni, kwa muda mrefu mtu alizijua ahadi zake pale alipotakiwa kuzitoa, jamaa zake wakiwa wamemzunguka. Siku hizi Kanisa limechapisha maagano makuu matano kabla mtu hajaingia, na hilo ni jema. Lakini laonyesha pia kwamba usiri ule haukuwa wa lazima.

Basi, ndugu msomaji, shika kipimo hiki, ukitumie kwa Mmormoni, kwa Mkristo mwingine, na kwetu sisi vilevile. Usiape kabla ya kujua unachoapia. Dini ikikwambia kuwa jambo fulani ni la lazima kwa roho yako, idai ikuonyeshe jambo hilo lote. Ikiwa imelibadili, idai ikwambie lini na kwa nini. Wahenga walisema kuwa siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini maji ya uzima si ya mtungi mmoja uliofunikwa. Mungu aliyelifanya jua lake liangaze nyumba ya kila mtu hakuificha njia ya kumfikia katika chumba chenye bawabu. Yeye yu karibu, husikia maombi ya mwanamke aliyesimama nje ya mlango kama anavyosikia ya aliye ndani.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika njia iliyonyoka. Amin.