Ruzuku Ikifika, Wajane Watakaa Wapi?

Somo: Matendo ya Mitume 6:1-7, 2 Wakorintho 8:16-21

 

Tangu lilipotolewa tangazo kwamba kikundi chetu cha kina mama kinaweza kuomba ruzuku, furaha imekuwa kubwa, nami namshukuru Mungu pamoja nanyi. Ruzuku si mkopo. Hairudishwi, ila hutolewa hesabu. Kwa kikundi kilichoanza na wajane wachache waliokuwa wakichanga shilingi mia tano kwa wiki ili mwenzao akifiwa apate sukari na sanda, hii ni baraka ambayo hakuna aliyeiota. Lakini nimeona pia kwamba watu wanaouliza habari za kujiunga na kikundi mwezi huu ni wengi kuliko wale walioniuliza habari za ubatizo mwaka mzima. Sisemi ni dhambi. Nasema tu kwamba kabla karatasi hazijajazwa, tukae chini tusome Maandiko, na tuangalie jambo lililotokea Busia, mahali ambapo wengi wetu tulipita.

Kwa ndugu zetu wa Kongo na Sudan Kusini ambao hawakupita huko, nieleze kidogo. Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Upande huu ni Uganda, upande ule ni Kenya, na Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili, wanaoana na kuzikana kana kwamba mpaka ni mtaro wa maji tu. Ndiko boda boda ilikozaliwa: vijana wenye baiskeli walibeba watu na mizigo kutoka kituo cha mpaka kimoja hadi cha pili, wakiita wateja “boda, boda”. Hakuna mfadhili aliyewaandikia mradi huo, na leo Afrika Mashariki nzima inapanda boda boda. Nalitaja hili ili tusije tukadhani kwamba uhai wa mji hutoka kwa wafadhili.

Kutoka hapo ukienda kaskazini utafika Malaba, katika wilaya ya Tororo. Baada ya uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007, Wakenya wapatao 12,000 walikimbilia Uganda, wengi wao kupitia mipaka hiyo. Wako waliolala madarasani na wako waliopokewa katika nyumba za watu wasiowajua. Baadaye tulipelekwa kituo cha Mulanda, huko huko Tororo, na mwaka 2008 huo huo tukaanza kuletwa hapa Kiryandongo. Kwa hiyo ninapotaja Busia na Tororo sizungumzi habari za mbali. Wako humu kanisani wanaojua ladha ya maji ya Mulanda.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Katika miaka ya 1990 lilikuwako Busia, upande wa Kenya, shirika la Kikristo la Waholanzi lililojulikana kwa herufi ICS. Shirika hilo lilifanya mengi mema. Mwaka 1998 lilianza kugawa dawa za minyoo katika shule 75 za msingi za Funyula na Budalangi, zenye watoto zaidi ya 30,000. Shule zilipewa kwa zamu, kundi baada ya kundi, na wachumi wawili, Michael Kremer na Edward Miguel, wakafuatilia matokeo. Kukosa masomo kulipungua kwa robo katika shule zilizopata dawa. Hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walipungukiwa na minyoo, kwa sababu jirani aliyepona hakuambukizi. Mwaka 2019 Kremer alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, na kazi ile ya Busia ni miongoni mwa zile zilizomjulisha duniani. Basi asije mtu akaniambia kwamba msaada wa nje ni laana tupu. Kidonge cha bei ndogo kilimrudisha mtoto darasani. Mungu hutumia hata bajeti.

Lakini shirika hilo hilo lilisaidia pia vikundi vya kina mama katika Busia na Teso. Ni vikundi kama chetu. Wanachama wengi walikuwa kina mama watu wazima, wasiosoma sana, wenye mashamba madogo. Walilima pamoja, walichangiana, walizikana. Wafadhili wanavipenda vikundi vya namna hiyo kwa sababu ndani yake wamo watu wanyonge kweli kweli. Vikapewa pembejeo za kilimo na mafunzo, baadhi vikitangulia na vingine vikingoja zamu, hivyo iliwezekana kuvilinganisha. Kremer na mwenzake Mary Kay Gugerty waliandika walichokiona, wakakichapisha mwaka 2008.

Walichokiona ni hiki. Vikundi havikupata nguvu kubwa zaidi kwa kupewa. Kilichobadilika ni watu waliomo. Waliingia wanawake vijana zaidi, wenye elimu zaidi na wenye mali zaidi. Vyeo vikubwa vikaenda kwa wageni hao, kwa waliosoma, na kwa wanaume. Na kina mama wazee, ambao ndio wanyonge kuliko wote kijijini, wakatoka kwa wingi kuliko katika vikundi ambavyo havijapewa kitu. Wapendwa, someni tena hapo. Msaada ulikuja kwa ajili ya bibi mzee, na ulipofika, bibi mzee hakuwapo tena.

Hakuna aliyeiba. Jambo hili linaniogopesha kuliko wizi, maana mwizi hukamatwa. Sisi tunaoishi katika makazi ya wakimbizi tunajua linavyokwenda. Fomu inakuja kwa Kiingereza, basi anatafutwa anayejua Kiingereza. Benki inataka watia sahihi, basi bibi anayeweka dole gumba anaambiwa apumzike. Mkutano unahamishwa kutoka Jumatano jioni hadi siku anayopatikana afisa. Mafunzo yanafanyika mjini, na mama mwenye magoti mabovu hawezi kupanda boda. Kila hatua ina sababu yake nzuri. Mwishoni mama yule anaona kwamba hata akija hakuna anayemgeukia, na siku moja haji, na hakuna anayetumwa kumwuliza.

Kanisa la kwanza lilipita njia hii. Katika Matendo sura ya sita waumini wameongezeka, mali inagawiwa kila siku, na hapo hapo manung'uniko yanazuka. Wayahudi wa Kiyunani wanalalamika kwamba wajane wao hawafikiwi. Wajane hao walikuwa wageni wa lugha. Walizungumza Kiyunani katika mji ambao wenyeji walikuwa na lugha yao. Luka hasemi kwamba mtu alikula chakula chao. Anasema walisahauliwa tu. Na kumsahau mtu ni rahisi sana pale usipoielewa lugha anayolalamikia.

Angalieni mitume walifanya nini. Hawakusimamisha ugawaji ili amani irudi, wala hawakuwaambia wajane wavumilie kwa sababu thawabu yao iko mbinguni. Waliwaita waumini wote, wakawaambia wachague watu saba wenye sifa njema. Sasa soma majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani. Tulipokuwa chuo cha Biblia mwalimu wetu alitusimamisha hapo kwa saa nzima, na sasa naona kwa nini. Inaelekea kanisa lilikabidhi meza kwa upande uliokuwa umesahauliwa. Ufunguo wa ghala ukaenda kwa wale waliojua ni mjane gani anakaa nyumba gani.

Na Paulo? Yeye alikusanya mchango mkubwa katika makanisa ya Makedonia na Akaya kwa ajili ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Mnaweza kuuita ruzuku ya kanisa kwa kanisa. Hakuubeba peke yake, ingawa alikuwa mtume. Alimtuma Tito, na pamoja naye ndugu aliyechaguliwa na makanisa, na ndugu mwingine tena, ili asipatikane mtu wa kuwalaumu, na ili mambo yawe sawa mbele za Bwana na mbele ya watu pia. Wako wanaosema kuomba hesabu kanisani ni kukosa imani. Paulo alikuwa na imani, na bado alitaka mashahidi.

Basi kwa kikundi chetu naomba hivi, kama mchungaji wenu na si kama mwenye kikundi, maana kikundi si changu. Daftari la zamani la wanachama lisibadilishwe kabla ombi halijaandikwa. Wapya wakaribishwe, tena kwa upendo, kwa sababu mama kijana mwenye watoto wanne na mgao uliopunguzwa naye ana njaa ya kweli. Lakini wachange kwanza kama wengine walivyochanga, na wasichukue uenyekiti wala uhazini katika mwaka wa kwanza. Anayejua kuandika aandike. Kuandika ni utumishi, haimfanyi mtu kuwa mwenyekiti. Wanaume tuliosoma tusaidie tukiwa tumesimama nyuma. Na kama masharti ya mfadhili yatatulazimisha kuwaacha nje wale walioanzisha kikundi, mimi nitawashauri tumwandikie barua ya heshima kumwomba ayabadilishe. Akikataa, turudi kwenye shilingi mia tano zetu. Najua neno hili ni gumu mwezi kama huu, na wako watakaokasirika. Mlango wangu uko wazi.

Lipo na jambo la daftari la mahudhurio. Mama akikosa mara mbili, atumwe mtu nyumbani kwake siku hiyo hiyo, aulize kama ni ugonjwa au ni sisi.

Jumapili ijayo baada ya ibada, kikundi kitakutana chini ya mwembe. Fomu itasomwa yote kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu cha Juba, mstari kwa mstari, na hakuna atakayetia sahihi kabla ya maswali kwisha. Wataanza kuzungumza wale walioanza kuchanga, mkubwa wao kwa umri akitangulia. Vijana wenye baiskeli, tunawaomba mfike saa mbili asubuhi mkawachukue bibi wanaokaa mbali.