Namba na Manamba

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza yaliyozoeleka hata hayaonekani tena kuwa mageni ni "namba". Waingereza wenyewe waliliazima: asili yake ni numerus la Kilatini, lililopitia Kifaransa kabla ya kuvuka bahari. Hadi hapo ni neno la hesabu tu. Lakini katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika lilizaa mtoto asiyejulikana kwa Waingereza: manamba.

Chanzuru, wilayani Kilosa, imo katika nchi ya mkonge. Mmea huo uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Husimuliwa kwamba kati ya miche 1,000 iliyotoka Florida ilinusurika 62. Mashamba yalipotanuka yalihitaji mikono mingi, na watu wakaletwa kutoka mbali: Waha wa Kigoma, Wabena wa Njombe, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha kuwaandika vibarua. Aliyeandikwa alipewa namba, na kwa namba hiyo akajulikana.

Je, kumpa mtu namba ni kumdhalilisha? Si lazima. Mtahiniwa hupewa namba ili msahihishaji asijue ni mtoto wa nani, na matokeo yakitoka hurudishiwa jina lake. Hapo namba humlinda. Dhuluma huanza pale namba inapotosha, pale aitaye hahitaji tena kujua jina la mtu, ukoo wake wala kwao. Namba ya mtahiniwa hulitunza jina. Ya manamba ilikaa pahala pake.

Hata hivyo, lugha haikuridhia yote. Neno manamba limeingia katika ngeli yenye mawe na magunia, lakini hakuna Mswahili asemaye "manamba yalikata mkonge". Husema "walikata". Jina lilimtaja mtu kama hesabu. Kitenzi kikamrudisha kwenye viumbe wenye roho. Na katika ngeli hiyo hiyo wamo mabwana. Mbele ya sarufi, mwandikaji na mwandikwa walisimama safu moja.

Sarufi haikuongeza ujira wala kupunguza jua la shambani. Lakini imeacha ushahidi. Kila aliyelitamka neno hilo, hata kwa dharau, alilazimika kulipatanisha kama neno la watu. Basi hawezi kudai kwamba hakujua anasema habari za nani.