Mwenye Kovu Usidhani Kapoa



Kuna swali tunalowauliza ndugu zetu wanaotoka hospitalini, na tunaliuliza kwa upendo: "Umepona?" Mtu amefanyiwa upasuaji wa goti, nyonga au mgongo. Kanisa limefunga na kuomba, mchango umepitishwa, daktari amesema kazi imekwenda vizuri. Tunangoja ushuhuda. Miezi mitatu inapita, kisha sita. Kovu limefunga, picha ya eksirei inaonyesha chuma kimekaa mahali pake, lakini yeye bado anasema anaumwa. Hapo linazuka swali jingine, ambalo wengi wetu hatulitamki: je, huyu anasema kweli?

Tulitazame swali hilo, maana mimi naliona ni swali la haki na si la tiba peke yake. Tunadaiwa nini kwa mtu ambaye upasuaji wake umefaulu lakini maumivu yake hayajaondoka?

Nianze na upande ninaoufahamu kwa kazi yangu ya uuguzi. Tumezoea kufikiri kwamba maumivu ni kama msumari ndani ya kiatu: ukiutoa, yamekwisha. Mara nyingi ni hivyo. Lakini maumivu yaliyokaa mwilini zaidi ya miezi mitatu huitwa maumivu sugu, nayo yana tabia yake. Neva, uti wa mgongo na ubongo huzoea kuumwa. Nyumba iliyoingiliwa na wezi mara nyingi, mbwa wake huishia kumbwekea hata mwenye nyumba. Ndivyo mwili huo ulivyo: mguso mdogo unapokelewa kama pigo. Upasuaji unaweza kuondoa kiungo kilichochakaa, lakini haumtulizi yule mbwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na baridi yabisi, au seli mundu, au mgongo uliomtesa miaka kumi, haanzi safari mahali pamoja na kijana aliyevunjika mguu jana akicheza mpira. Vivyo hivyo mwenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima usioonekana kwenye eksirei. Tafiti zinaonyesha kwamba takriban mtu mmoja kati ya watano waliobadilishiwa goti hubaki na maumivu ya muda mrefu. Kwa nyonga ni wachache zaidi. Walio katika hatari kubwa ni wale waliokuwa wakiumwa sana kabla, wanaoumwa sehemu nyingine za mwili, na waliolemewa na wasiwasi au huzuni. Naye aliyetumia kwa muda mrefu dawa kali kama tramadoli au kodeini, mwili wake umezizoea. Dozi ya kawaida baada ya upasuaji huenda isimtoshe. Akilia usiku, wodini anaonekana mlalamishi, au mtu aliyetekwa na dawa. Halafu mambo yanafuatana: asiyelala huumwa zaidi, anayeumwa zaidi huogopa kukunja goti, na goti lisilokunjwa hukakamaa na kuuma zaidi.

Tuongeze na maisha yetu ya hapa Diepsloot. Foleni ya kubadilishiwa goti au nyonga katika hospitali za serikali huweza kuchukua miaka. Miaka hiyo mtu haipitishi amelala. Anafua nguo za watu, anabeba ndoo, anapanda teksi alfajiri kwenda kazini Fourways au Sandton na kurudi usiku. Siku anapoitwa kwa upasuaji, maumivu yameshaota mizizi. Tunaposhangaa kwamba hapati nafuu haraka kama jirani, tunamlaumu kwa miaka ya kungoja ambayo hakuichagua.

Wapo watakaosema: "Lakini dada, wengine wanajifanya." Kweli, wapo. Basi tupime hasara za pande mbili. Nikimwamini anayejifanya, nimepoteza sahani ya ugali na alasiri moja. Nikimwita mwongo mtu anayesema kweli, nimemwongezea jeraha, na zaidi ya hapo nimemfundisha kunyamaza. Atakuja kanisani akitabasamu, atatoa ushuhuda tunaoutaka, ataacha dawa ili imani yake isitiliwe shaka. Na siku mguu utakapopata usaha kweli, atanyamaza vilevile, kwa sababu alishajifunza kwetu kwamba kusema anaumwa ni aibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hata Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, ilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, iliweka wazi kwamba maelezo ya mtu kuhusu maumivu yake yaheshimiwe. Hakuna mashine inayoweza kuupima uchungu wa mtu kwa niaba yake.

Hata hivyo, kuna kosa la upande wa pili, na sisi akina mama ndio tunaolitenda zaidi. Tunamwamini mgonjwa, kisha tunamlaza. "Usisimame, mama, tutakuletea." Tunamlisha, tunamwogesha, tunamnyang'anya hata kijiko. Ni huruma, lakini inamdhuru. Kwa maumivu sugu, kuumwa si lazima iwe dalili ya kuharibika. Mazoezi aliyopewa na mtaalamu wa viungo yatauma kiasi, na bado ndiyo dawa. Hatua chache leo, kesho zaidi kidogo, na siku mbaya apunguze bila kuacha kabisa. Hivyo ndivyo mwili unavyojifunza tena kwamba kutembea si hatari.

Kwa hiyo anayesema "simama, una imani ndogo" amekosea, na anayesema "lala, maskini" naye amekosea. Tunachodaiwa ni kigumu kuliko yote mawili: kumwamini mtu kwamba anaumwa, kisha kutembea naye huku anaumwa.

Maandiko yanatusaidia. Rafiki za Ayubu walimfanyia jema kubwa walipoketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Waliharibu walipofungua vinywa kutafuta dhambi iliyoleta mateso yake. Na Yakobo, baada ya usiku ule wa Yaboki, aliondoka na mambo mawili kwa pamoja: baraka, na nyonga iliyoteguka. Alibarikiwa huku anachechemea. Hakuna mahali tunaposoma kwamba kuchechemea kulifuta baraka. Kwa nini basi hapa kwetu mwenye magongo angoje kuyatupa ndipo apewe kipaza sauti? Anayesema "leo nimefika mpaka kwenye bomba la maji na kurudi, na usiku niliumwa, na Mungu alikuwa nami" ametoa ushuhuda kamili.

Sasa mambo machache ya kutenda. Unayengoja upasuaji, mweleze daktari maumivu yako yote, si ya goti peke yake, na dawa zote unazomeza, za mitishamba pia. Usizifiche kwa aibu, maana mpango wa kukutuliza utategemea maelezo hayo. Uliyekwisha kupasuliwa, usiache dawa wala kuongeza dozi bila kumwuliza aliyekuandikia. Na tusichanganye maumivu ya zamani na hatari mpya. Homa, kidonda chenye joto, wekundu au usaha, ndama ya mguu iliyovimba na kuuma, kifua kubana au pumzi kukata: hayo hayangoji Jumapili. Hospitali siku hiyohiyo.

Wengine hawarudi kliniki kwa sababu ya hofu ya getini. Tujue kwamba kifungu cha 27 cha Katiba ya nchi hii kinasema kila mtu ana haki ya kupata huduma za afya, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ililikataza kundi la Operation Dudula kudai vitambulisho vya watu na kuwazuia wageni wasipate matibabu. Lakini haki iliyoandikwa haimshiki mtu mkono. Mwenye magongo akienda peke yake anaogopa. Tukienda naye wawili, anafika. Nawaomba viongozi wa vikundi vya nyumbani wapange zamu hizo, kama tunavyopanga zamu za kupika msibani.

Na tukimtembelea, tubadilishe swali. Badala ya "Umepona?" tumwulize, "Leo ikoje?" Kisha tungoje jibu lake, hata kama si lile tuliloliombea.

Bwana awatie nguvu, ninyi mnaosimama na ninyi mnaochechemea. Amina.