Karavani Tano Zinatosha

Wanangu mlio Leicester, Reading na Milton Keynes, mmeniuliza kwa nyakati mbalimbali, naomba niwajibu kwa pamoja. Kuna mliopata watoto, nauli za kwenda nyumbani wakati wa likizo za shule zimewashinda, mkaona ni heri mnunue karavani muwatembeze watoto katika nchi hii wanamokulia. Na kuna wawili watatu ambao, kwa ndoa au kwa jasho lenu, mmepata eka chache mashambani na mnataka kipande cha malisho kiwe kiwanja cha wageni. Nawajibu nyote katika barua moja kwa sababu yule anayechagua kiwanja na yule anayekiendesha wanapaswa kukagua mambo yaleyale. Mimi na mama yenu tumelala katika viwanja vingi vya Uingereza, na tangu nistaafu ninamsaidia mkulima mmoja wa Herefordshire kutunza chake. Ninayoyasema nimeyashika kwa mikono.

Mtaona viwanja vingi vidogo vya mashambani vina nafasi tano tu. Hilo limetokana na sheria ya mwaka 1960 ya viwanja vya karavani. Kwa kawaida mwenye ardhi anahitaji kibali cha mipango na leseni ya halmashauri ndipo apokee karavani. Lakini sheria hiyo iliacha mlango mmoja wazi: chama kilichotambuliwa na serikali kinaweza kumpa mkulima cheti cha kupokea wanachama wake, karavani zisizozidi tano kwa wakati mmoja, bila kupitia mlolongo huo. Vyama viwili vikubwa ni Camping and Caravanning Club, kilichoanza 1901, na Caravan and Motorhome Club, kilichoanza 1907. Ndiyo maana utakuta viwanja nyuma ya mazizi ya ng'ombe, pembeni mwa mashamba ya matofaa, hata katika nyasi za nyuma ya baa ya kijiji. Mgeni hakai zaidi ya siku 28, na cheti hutolewa upya kila mwaka. Jiungeni na chama kabla ya kununua hata kamba.

Na msidhani mchezo huu hautuhusu sisi watu wa upande wa Bahari ya Hindi. Aliyeutangaza ni William Gordon Stables, ambaye mwaka 1885 aliundiwa gari la kuvutwa na farasi huko Bristol, akaliita Wanderer, akazunguka nalo nchi. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa jeshi la majini, na aliwahi kutumikia katika manowari iliyosaka majahazi ya watumwa pwani ya Msumbiji.

Sasa niseme na ninyi wenye ardhi. Wikiendi ya mwisho wa Agosti, jua limetoka, nafasi tano zimejaa, na simu italia. Mtu atakuomba umruhusu aegeshe pembeni usiku mmoja tu, atalipa mara mbili. Mkatalie kwa upole, na umtajie kiwanja cha jirani. Cheti chako kimesema tano, na ukikikiuka unaweza kukipoteza. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekwambia vivyo hivyo. Karavani tano ni familia tano zinazoweza kujuana kwa majina kufikia jioni ya pili. Bomba moja linawatosha, shimo moja la choo linawatosha, na wewe unaweza kumsalimu kila mmoja asubuhi kabla hujaenda kulisha kuku. Wageni wako wa kila mwaka, wale wa Mei na Septemba wanaokuja kwa sababu ya utulivu, ndio wanaokulipia bima na kokoto. Wahenga walikwisha kusema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Ardhi ndiyo ya kwanza kutazamwa, na itazamwe wakati wa mvua. Huku kwetu Herefordshire udongo ni mwekundu kama wa Taita, mzito, ukilowa unashika kiatu. Kwenye milima ya chokaa, kama South Downs au Lincolnshire Wolds, maji hunywewa upesi na nyasi hukauka kufikia mchana. Wewe mwenye shamba, nenda Februari umevaa mabuti ya mpira, ukanyage kwa kisigino kila mahali unapofikiria kuweka gari. Kisigino kikizama, hapo patahitaji kokoto, au paachwe kabisa. Na nafasi za nyasi zipumzishe kwa zamu. Zulia la plastiki likilala chini ya turubai la mgeni kwa wiki nzima, nyasi hugeuka njano na kufa, kwa hiyo waombe wageni watumie zulia lenye matundu na walikunje mchana.

Nawe mwenye karavani, elewa kwa nini magari hukwama. Magari mengi ya siku hizi huendeshwa na magurudumu ya mbele. Uzito wa karavani hukandamiza sehemu ya nyuma ya gari na kuyapunguzia yale ya mbele nguvu ya kushika ardhi. Kwenye nyasi mbichi penye mwinuko yatazunguka bure huku yakichimba. Ukifika, ukiwa bado na nguvu, jipange kiasi kwamba siku ya kuondoka utatoka ukishuka, si ukipanda. Ukikwama, usikanyage mafuta. Kamwite mkulima alete trekta.

Kuhusu choo nitakaa kidogo, kwa sababu hapo ndipo kiwanja hujulikana kizuri au kibaya, na hakuna anayependa kuuliza. Karavani nyingi zina choo chenye kaseti, yaani tangi dogo la plastiki la lita 17 hadi 20 linalovutwa kupitia mlango mdogo ubavuni. Likijaa ni zito, na mtu hulibeba au kulikokota kwa magurudumu yake mpaka kwenye shimo la kumwagia. Shimo likiwa mbali mno, mama mwenye mtoto mgongoni atateseka, na likiwa karibu mno na nafasi ya tano, mgeni wa hapo hatarudi. Pawe na mfuniko unaofunga vizuri, mpira wa maji wa kusuuzia, na kibao kinachosema wazi kuwa maji hayo si ya kunywa. Bomba la kunywa liwe mbali na hapo, na mpira wa shimoni usiwe mrefu kiasi cha kulifikia. Lioshe shimo kila siku wewe mwenyewe, asubuhi mapema, ukiwa na glavu. Kazi hiyo usimwachie kijana wa likizo.

Jambo jingine la choo ambalo wenye mashamba wapya hawalijui: dawa. Mashamba mengi hayana bomba la maji taka la mji, yana tangi lao chini ya ardhi, na tangi hilo hufanya kazi kwa bakteria wanaokula uchafu. Dawa za buluu za choo za aina ya zamani huwa na kemikali ya kuua vijidudu, na hazichagui. Familia tano zikimwaga dawa hiyo kiangazi kizima, tangi hufa, kisha hunuka, kisha hufurika, na maji hayo yakiingia kijitoni utakuwa na kesi na serikali. Andika katika maelekezo yako, kabla mgeni hajalipa, kwamba unakubali dawa ya kijani peke yake. Mgeni, beba ya kijani siku zote, itakubalika karibu popote uendapo.

Umeme nao una hesabu zake. Vipo viwanja vinavyotoa ampea 16, na vingi vya mashambani hutoa 10. Ampea 10 ni wati 2,300 hivi. Birika la umeme la nyumbani peke yake linaweza kula zaidi ya hapo, na ukiwasha na hita, kiwanja kizima kitasikia swichi ikikatika na utakwenda kumgongea mkulima saa nne za usiku. Chemsheni chai kwa gesi. Waya wa umeme uzongoeni wote hata kama soketi iko hatua tatu, kwa kuwa ukibaki umezungushwa kwenye kibiringo hupata moto na kuyeyuka.

Barabara nitazipitia upesi. Tangu Desemba 2021 leseni ya kawaida ya gari inawaruhusu kuvuta hadi kilo 3,500, lakini ruhusa si ujuzi. Anayeanza asivute karavani inayozidi asilimia 85 ya uzito wa gari lake. Mwendo ni maili 50 kwa saa kwenye barabara za kawaida na 60 kwenye barabara kuu. Na msiamini ramani ya simu katika maili mbili za mwisho, hasa Devon na Cornwall ambako vichochoro vimebanwa na kuta za mawe zilizofunikwa majani. Mwenye kiwanja mwema atawaandikia njia: pita kanisani, usikate kona ya kwanza, lango ni la pili kushoto. Mwenye kiwanja, andika hivyo, na lango lako lizidi mita tatu, kwa sababu karavani ina mita mbili na ushee na dereva amechoka.

Jambo la moto nawasihi mlishike. Sisi ni watu wa nyama choma na jiko la mkaa, na hakuna ubaya, ila ulizeni kama linaruhusiwa, na liinueni juu ya matofali lisiunguze nyasi. Kisha mvua ikianza, kama inavyoanza siku zote nchi hii, msiliingize jiko ndani ya turubai hata kama mkaa unaonekana umekufa. Mkaa unaofifia bado hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na familia zimelala zisiamke katika nchi hii kwa sababu ya jiko la namna hiyo. Nunueni king'ora cha hewa hiyo kabla ya kununua viti.

Kuna swali ambalo mnaniuliza kwa sauti ya chini: je, watu wa mashambani watatupokea? Wengi watatupokea, wanangu. Mtakodolewa macho siku ya kwanza, hasa na wazee wenzangu. Shukeni garini, nendeni mkamsalimu mwenye shamba kabla ya kufungua hata mlango wa karavani, wapelekeeni majirani sahani ya mahamri jioni, na watoto wafunge lango kila wanapopita ili kondoo wasitoke. Hayo hufungua mengi. Lakini mkihisi hamtakiwi, msijilazimishe. Fungeni mizigo mwende, viwanja viko tele. Nasi tuwe waadilifu upande wetu. Kiwanja cha familia tano si mahali pa kualika ukoo mzima siku ya Idi, na spika izimwe mapema. Kwa shughuli za watu arobaini tafuteni viwanja vikubwa vyenye kumbi.

Kabla ya kuweka nafasi, pigeni simu, msitosheke na picha. Ulizeni mvua ya wiki iliyopita iliziachaje nyasi, umeme ni ampea ngapi, shimo la choo liko wapi, mbwa wa shamba hufungwa au huzurura. Sikilizeni jinsi anavyojibu. Anayejua bomba lake linaganda mwezi gani ni mtu anayekanyaga kiwanja chake kila siku, na huyo ndiye wa kumlipa.

Msinunue bado. Kodini karavani kwanza, Aprili, kiwanja kisizidi saa moja na nusu kutoka nyumbani, mlale usiku mbili na watoto. Na wale mnaoogopa kurudi nyuma na karavani, jambo hilo haliwezi kufundishwa kwa barua. Mkulima wangu ameniruhusu kutumia uwanja wa juu kabla msimu haujaanza. Semeni ni Jumamosi gani, mje mapema, mje na mabuti.